Gari Walilonichagulia

Mguu wangu wa kushoto hauwezi kukanyaga klachi. Sentensi ni fupi na haina fumbo. Niliisema mbele ya watu wazima wenye akili zao, sebuleni kwa mama yangu, Majengo, Thika, katikati ya miaka ya tisini, na wote waliitikia kwa vichwa kuonyesha wamesikia. Halafu wakafanya walichofanya.

Polio ilinipata kabla sijajua kutembea vizuri. Nilikulia ndani ya chuma cha mguu, na mtaani waliniita kiwete bila ubaya wowote, kama walivyomwita mwingine mrefu na mwingine mweusi. Eti bila ubaya. Anayeitwa ndiye anayejua kama ubaya upo au haupo. Dada zangu wawili waliolewa, mmoja Nakuru na mwingine Mombasa, na mimi nikabaki na mama katika nyumba aliyoachiwa na marehemu baba. Hakuna aliyekuja kunichumbia, na nilipofika umri fulani watu waliacha hata kuuliza. Nilikuwa mtu wa nyumbani, ikaisha hapo.

Kazi yangu ilikuwa kushona. Cherehani ya kukanyaga ilinishinda, basi nikanunua ya mkono: wa kulia unazungusha, wa kushoto unaongoza kitambaa, na mguu unakaa zake chini ya meza bila kuombwa chochote. Mitumba ilipoanza kuingia kwa marobota, mafundi wengi wa Thika walikunja jamvi. Viwanda vya nguo navyo vikaanza kuachisha watu, na kaka yangu mkubwa, aliyekuwa dereva wa lori la kiwanda kimoja, akarudi nyumbani na buti zake mkononi. Mimi nilipona kwa sababu moja tu. Nilishona sare za shule, na hakuna mtu Ulaya anayetupa sare ya shule ya msingi ya Kandara.

Kwa njia hiyo hiyo ya kushona nikajuana na mama mmoja mzungu aliyekuwa akiishi peke yake kwenye shamba la kahawa nje ya Ruiru. Mumewe alikuwa amekufa na watoto wake walikuwa ng'ambo. Alitaka mapazia ya nyumba nzima na vitambaa vya viti, kwa sababu alisema nyumba ikipendeza itauzika haraka. Alikuja kunichukua mwenyewe asubuhi na kunirudisha jioni, na gari lake lilikuwa la ajabu machoni pangu: lilikuwa na pedali mbili tu. Niliitazama miguu yake siku nzima ya kwanza. Wa kushoto ulikuwa umekaa umekunjwa kando, hauna kazi.

Alinikuta natazama. Kiswahili chake kilikuwa kile cha mashamba makubwa, cha kuamrisha watu, lakini moyo haukuwa huo. Akasimamisha gari katikati ya mibuni, akashuka, akaniambia, "Sasa wewe kuja hapa. Wewe endesha."

Nikamwambia siwezi, mguu.

"Hapana tazama mguu. Tazama barabara."

Sitaeleza nilivyojisikia gari lile liliposogea kwa amri yangu, maana nikieleza nitalia na sina hamu ya kulia. Nitasema tu kwamba nilikuwa na umri wa miaka thelathini na kitu, na tangu nizaliwe sikuwahi kwenda mahali bila mtu mwingine kuamua mwendo. Alinifundisha mpaka nikajua. Nilifanya mtihani wa udereva kwa gari lake hilo hilo, nikapita. Mtahini alikitazama chuma changu, akanitazama usoni, akasema, "Sawa, mradi usiguse ya klachi," na nikamjibu kwamba mimi na hiyo hatujatambulishwa.

Yule mama alipouza shamba akawa na kitu kimoja ambacho hakuna aliyekitaka: karavani. Ilikuwa nyumba ndogo nyeupe juu ya magurudumu mawili, yenye kitanda, kabati, sinki na madirisha yenye mapazia niliyoyashona mimi. Zamani walikuwa wakiivuta mpaka pwani yeye na mumewe. Sasa ilikaa bandani na kuku wakitaga chini yake. Aliniuliza kama nitaichukua iwe malipo ya kazi yangu yote, na kabla hajamaliza kuuliza nilikuwa nimeshaipangua kichwani. Kitanda kitoke, iingie meza ya kukatia. Kabatini vitambaa. Cherehani dirishani penye mwanga, na pasi ya makaa kule kwenye sinki.

Mpango wangu ulikuwa hivi. Wazazi wa Gatundu, Kandara na kule juu kote walikuwa wakifunga safari mpaka mjini kununua sare ambazo hazikumtosha mtoto, kwa sababu mtoto mwenyewe aliachwa nyumbani. Mimi ningeifuata shule. Ningeegesha karavani uwanjani, nipime watoto kwenye mstari, nikate na kushona pale pale, nilale humo humo, na siku ya tatu nihamie shule nyingine. Walimu wakuu niliokwenda kuwaona walifurahi. Mmoja alinipa hata tarehe.

Kilichobaki kilikuwa gari la kuvuta. Akiba ya miaka yote ya sare nilikuwa nayo, na hapo nilifanya kazi kama mwanafunzi wa mtihani. Yule mama aliniachia magazeti yake ya magari na akaniambia yote aliyoyajua kabla hajasafiri. Gari la kuvuta sharti liwe zito kuliko linachokivuta, la sivyo mteremkoni mzigo ndio utakaoendesha. Nilitaka la dizeli, kwa kuwa dizeli huvuta kwa utulivu tangu chini, haihitaji kupigiwa kelele. Nilitaka linalosukumwa na magurudumu yote manne, kwa sababu barabara za shule zile ni za udongo, na mvua ya Aprili ikishukia ule udongo mweusi wa Juja hata punda hufikiri mara mbili. Na lilikuwa lazima liwe otomatiki. Bila hilo, mengine yote yalikuwa hadithi ya gari la mtu mwingine.

Wakati huo magari yaliyotumika Japani yalikuwa yameanza kujaa nchini, mengi yakiwa otomatiki, na watu waliyaogopa kama majini. Nikapata habari za mhadhiri mmoja wa Kahawa Sukari aliyekuwa amerudi na gari la aina niliyoitaka kutoka masomoni huko huko. Majirani walimwita Daktari. Nilikwenda na kaka yangu, maana kwetu mwanamke haendi kutazama gari peke yake. Kaka alilizunguka akipiga tairi teke. Mimi nilifungua boneti, nikachomoa kile kijiti cha kupimia oili ya giaboksi, nikaipaka kidoleni na kuinusa. Ilikuwa nyekundu, safi, haina harufu ya kuungua. Nikamwuliza Daktari kama lina kipoza oili, kwa sababu giaboksi ya otomatiki ikivuta mzigo mlimani hupata joto, na joto ndilo linaloiua.

"Haiya!" akasema yule bwana. "Mama, mimi hiyo hata sijui. Mimi huwa naweka mafuta, naenda kazi."

Tukakitafuta kipoza wote watatu, tukakiona mbele ya rejeta. Kisha tukalipeleka gari Ruiru, tukalifungia karavani nyuma, na nikaendesha mimi. Kulikuwa kumenyesha. Nililipitisha katika njia ya shamba yenye matope mpaka kwenye vifundo vya miguu, nikapanda kilima, nikasimama katikati ya kilima makusudi, nikaondoka tena. Halikurudi nyuma hata kidogo. Hata kurudisha karavani kinyumenyume niliweza, jambo ambalo kaka yangu, na uzoefu wake wote wa lori, alilijaribu akaikunja kama kisu cha mfukoni. Alicheka. Aliniambia, "Dada, wewe umetuzidi." Nakumbuka sauti yake siku hiyo. Haikuwa na kijicho.

Basi likabaki la mkutano. Kwetu kitu kikubwa, yaani shamba, gari au mke, hakinunuliwi mpaka wanaume wa ukoo wakae. Pesa iwe ya nani, haidhuru. Inafungwa kitambaani, inakabidhiwa mwanamume wa nyumba, na yeye ndiye anayekwenda kulipa mbele ya mashahidi, ndipo kitu kiwe na baraka. Nilikuwa nimezaliwa katika desturi hiyo na sikuwa na nia ya kupigana nayo. Nilidhani ni sherehe tu. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na mimi kile nilikuwa nakikaribia kwa mara ya kwanza.

Wakaja Ijumaa baada ya swala. Mjomba alikaa kwenye kiti cha baba. Jirani mmoja fundi wa magari alialikwa kwa utaalamu wake, na kaka yangu alikaa mlangoni. Mama alipitisha kahawa na mahamri, akakaa kwenye mkeka akivuta tasbihi yake.

"Hii gari," fundi akaanza, "ikizima, inasukumwa aje?"

"Haisukumwi," nikasema. "Otomatiki haiwaki kwa kusukumwa."

Wakanitazama kama nimesema gari halina magurudumu.

"Sasa hiyo ni gari ama ni kabati?" Mjomba akauliza. "Mimi sijaona gari ya kutosukumwa. Uko huko Kandara, betri imekufa, watu wako hapo, wana nguvu, wanataka kukusaidia. Utawaambia nini?"

"Nitawaambia wanipe betri."

"Ngai!" fundi akasema. "Wee dada, otomatiki ni ya mabibi wa Nairobi wa kwenda saluni. Ikiharibika hakuna mtu anaijua. Itakaa hapo nje kuku walale ndani."

Mtu wa mbali asidhani walikuwa wajinga. Kusukuma gari kwetu ni zaidi ya kuliwasha. Ndivyo watu wanavyojuana. Gari likizima pale Majengo, wenye kucheza bao huacha bao, muuza miraa huacha miraa, wote huweka mabega, na likiwaka dereva hupiga honi ya shukrani na kila mtu hurudi kazini akiwa na sehemu yake katika gari lile. Gari lisilosukumika ni la mtu anayejiona hahitaji watu. Hilo niliwaelewa. Ila hakuna bega la mtu lililowahi kunikanyagia klachi.

Nikawaambia hivyo. Niliinua gauni kidogo nikawaonyesha chuma, mimi ambaye tangu utotoni nilikificha, na nikasema maneno yale niliyoanza nayo: mguu wangu wa kushoto hauwezi. Wakainamisha macho. Mjomba akakohoa, akasema, "Basi. Pesa ni yake, kazi ni yake. Mnunulieni mwenzenu anachotaka." Wakasoma Fatiha. Kitambaa kikaingia mfukoni mwa kaka yangu, na kesho yake asubuhi akaondoka kwenda Kahawa Sukari.

Honi ndiyo niliyoisikia kwanza, alasiri, halafu vigelegele. Nikatoka mlangoni na furaha yangu yote usoni. Gari lilikuwa kubwa, jeupe, refu kuliko la Daktari, la dizeli, la magurudumu yote manne, zuri kweli kweli. Mtaa mzima ulikuwa umelizunguka. Nikalisogelea, nikachungulia dirishani upande wa dereva, nikahesabu pedali. Zilikuwa tatu.

Kaka alikuwa ameshuka na kuzungukia upande wa pili, na hakunitazama. "Nimepata hii Ngoingwa," aliwaambia watu. "Iko na nguvu kushinda ile. Na hii ikizima, mnasukuma!" Wakacheka, wakapiga makofi. Mtu akanipongeza kwa kunipiga begani. Mama alitoka na chetezo cha ubani akilizunguka gari polepole, akilifukiza tairi moja baada ya nyingine, midomo yake ikisoma dua.

Nilimvuta kaka kando ya ukuta. Nikamwuliza, "Nani ataendesha hii?"

"Mimi nitakuendesha, dada. Popote unataka. Niko tu."

Niko tu. Hayo ndiyo yalikuwa maelezo yote. Nikaona picha yote hapo hapo, au nilidhani nimeiona: mtu ameachishwa kazi ya udereva, anatafuta usukani, na dada yake kiwete ana pesa. Nikamwambia maneno ambayo sitayaandika. Nyuma yetu watu waliendelea kushangilia, na ilibidi nigeuke, nitabasamu na kugawa sharubati, kwa sababu mwenye furaha nilikuwa mimi.

Nilikwenda Kahawa Sukari peke yangu wiki iliyofuata, kumwomba Daktari anisubiri. Alinikaribisha vizuri, akaonekana kuona haya. Kaka yangu alipita asubuhi ile, alisema, akamwambia nimebadilisha nia. Gari lilikuwa limeshachukuliwa na mtu mwingine. Na lile la Ngoingwa halikurudishika. Muuzaji alisema gari si viatu.

Kwa hiyo tulianza. Muhula mmoja tulizunguka hivyo, kaka mbele kwenye usukani na mimi kando yake nikitazama nje, bila kusemezana zaidi ya kushoto na kulia. Shule zilipenda kazi yangu. Kwa siku chache karavani ile ilikuwa kama nilivyoiota, kelele za watoto nje, harufu ya kitambaa kipya kikipigwa pasi, wasichana wawili niliowaajiri wakitia vifungo ngazini. Lakini kwetu gari la mtu mmoja halipo. Lilikuwa la harusi, la wagonjwa, la kupeleka mahujaji uwanja wa ndege, na juu ya yote la maiti. Sisi hatumchelewishi maiti. Na mwenye kuombwa alikuwa dereva, si mimi, kwa maana watu humwomba aliyeshika ufunguo.

Siku ninayoisema tulikuwa tunatoka Ruiru, ambako tulikuwa tumeegesha, kwenda shule moja ya Kandara. Ilikuwa shule kubwa kuliko zote. Wazazi walikuwa wameitwa wote siku hiyo wakutane nami, na mwalimu mkuu alikuwa ameahidi kwamba nikimaliza na yeye atanipeleka kwa wenzake wa tarafa nzima. Tulipofika Witeithie, kijana kwa baiskeli akatusimamisha. Kuna mzee amefariki Majengo, wanatafuta gari.

Kaka akaegesha kando ya barabara, akaanza kuifungua karavani kutoka kwenye ndoano.

"Kuna shule nzima inaningoja," nikamwambia.

"Maiti pia inangoja, dada." Alisema kwa upole, na upole wake ndio ulionichoma. "Watoto wa shule hawaozi."

Kila jibu lililonijia ulimini lilikuwa dhambi. Akaondoka. Nilikaa kwenye ngazi ya karavani, Witeithie, mbele ya maduka, nikiwa na leseni ya kuendesha mkobani na nyumba ya magurudumu isiyo na cha kuivuta. Magari yalipita kwenda Thika. Watu wakaanza kuja kuchungulia. Mwanamke mmoja akaniuliza, "Mama, chipsi ni ngapi?" Nikamwambia sipiki. Akaja mwingine akauliza chai. Mpaka alasiri nilikuwa nimeulizwa vyakula vyote vya Wilaya ya Thika, na yule wa kwanza akarudi, akazunguka karavani akiigonga ubavu, akasema kama nimechoka nayo nimwambie.

Kaka alirudi jua likiwa limeinama, na udongo wa makaburini kwenye viatu. Wazazi wa Kandara walikuwa wameshatawanyika. Kazi ile ilikwenda kwa duka kubwa la mjini, na mwalimu mkuu alinipa mkono wa pole uliokuwa mkono wa kwaheri.

Nilimuuzia yule mwanamke karavani. Akaitoa magurudumu, akaiweka juu ya matofali pale pale, akapika chai na maandazi. Mimi nikarudi kwenye meza yangu ya barazani. Gari likabaki kwa kaka, na nitasema hili kwa sababu ni la kweli na linaniudhi: katika miaka yote aliyolitumia, halikuzima hata siku moja. Hakuna aliyewahi kulisukuma.

Kaka yangu nilimnunia. Nilimpakulia chakula kwa sababu mama aliniagiza, nikakiweka mezani na kuondoka. Idi alinipa mkono nikaushika kama kitambaa kilicholowa. Watu walinisema kwamba nina roho ngumu, na ndugu ni ndugu, na damu ni nzito kuliko maji. Niliwajibu kwamba nimeiona, ni nzito kweli, haipandi kilima. Naye hakujitetea. Alioa, akazaa, akaja kila siku kumwona mama, akakaa upande wa pili wa sebule akinywa chai yake.

Mama aliugua sukari mwishoni mwa miaka hiyo. Ilimshika miguuni. Gari likauzwa kwa ajili ya hospitali, na alipotoka alikuwa hawezi kusimama bila mtu. Mtu huyo, bila mkutano wowote wa ukoo, nilikuwa mimi. Dada zangu walituma salamu na khanga. Kila siku baada ya adhuhuri nilimwosha miguu kwa maji ya vuguvugu na chumvi, nikikaa chini kwenye mkeka na chuma changu kimenyooshwa kando, mguu wake mapajani mwangu.

Siku moja ya namna hiyo kaka alikuwa ameingia na kutoka, na mimi kama kawaida sikuinua uso.

"Ndugu yako utamnunia mpaka lini?" mama akauliza.

"Mpaka mguu huu uote nguvu."

Nilikuwa nimemaliza mguu wa kwanza, nikachukua wa pili.

"Si yeye," akasema.

Nilidhani hajasikia vizuri. Nikamwambia, "Nini si yeye?"

"Ile gari. Si yeye alikataa ile ya Daktari. Asubuhi ile alikuwa ashatoka na pesa, alikuwa anaenda kuileta. Nikamwita arudi. Nikamwambia alete ya kukanyaga, ile wewe huwezi. Hakutaka. Tuligombana. Nikamshikisha msahafu asikuambie."

Alikuwa akizungumza na dirisha. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayeeleza mahali alipoweka sufuria. Nami nilishika ule mguu, na maji yakidondoka kutoka kiganjani kwangu, na miaka yote ile ya chakula kilichowekwa bila neno ikapita mbele yangu. Kaka yangu alikuwa amemtii mama yake. Hakuna kitu kingine alichofanya. Ni kile kile nilichokuwa nakifanya mimi nimekaa pale mkekani.

"Kwa nini, mama?"

"Dada zako walienda na mabwana," akasema. "Wewe ungeenda na gari."

Nilitafuta hasira yangu niimwagie. Ilikuwepo, nilikuwa nimeilea vizuri, lakini ilikuwa imeshonwa kwa vipimo vya kaka, na huyu mwanamke mdogo aliyekonda kwenye kiti isingemkaa. Nilitaka kumwambia kwamba ningerudi. Kila jioni, kila mwisho wa muhula, ningerudi kwake kwa miguu yangu mwenyewe ya chuma na mpira. Nikafungua mdomo, na nikagundua sina hakika. Pengine alinijua kuliko nilivyojijua. Hilo ndilo sitamsamehe, kwamba aliniibia hata nafasi ya kujua kama ningerudi.

"Kausha hapo katikati ya vidole," mama akasema. "Hospitali walisema maji yasibaki."

Nikakausha, kidole kimoja kimoja.